CAN, Kombe la Dunia, Olimpiki: kamera ni ya nani, na sauti ni ya nani?



Tangu Olimpiki ya Paris imalizike tarehe 11 mwezi wa nane, kuna swali moja linanifuata hapa Uvira, kuanzia bandari ya Kalundu mpaka Kavimvira: "Wewe mtu wa radio, kati ya hizi televisheni zote, ni gani inatangaza mashindano vizuri?" Swali lina sababu yake. Mwaka wa 2024 tuliona CAN ya Côte d'Ivoire mwezi wa kwanza na wa pili, halafu Euro ya Ujerumani, halafu Paris. Watu wamelipa abonema, wameacha, wamerudi kulipa, na katikati ya hayo wamebishana sana. Jirani yangu mmoja alitafuta dekoda ya pili kwa sababu tu hapendi sauti ya mtangazaji wa dekoda ya kwanza. Mke wake alimuuliza kama sauti hiyo inalisha watoto.

Mimi natumika kwenye radio ya hapa kama mwandishi wa habari, na michezo ni sehemu ya kazi yangu. Naangalia mpira nikiwa na daftari mkononi, na mara nyingi nasikiliza zaidi kuliko kuangalia. Kwa hiyo nitajibu swali hilo, ila jibu langu ni refu, na linaanza na jambo ambalo wengi hawalijui.

Watu wanafikiri kila televisheni inapeleka kamera zake uwanjani. Wanasema "chaneli hii inaonyesha vizuri, ile inaficha." Kusema kweli, karibu zote zinaonyesha picha ileile. Kwenye Olimpiki, picha zinatengenezwa na shirika moja linaloitwa OBS, ambalo Kamati ya Olimpiki ililiunda mwaka wa 2001. Kwenye Kombe la Dunia, tangu 2002, FIFA inatumia kampuni inayoitwa HBS. CAN pia ina mtengenezaji wake wa picha, kwa niaba ya CAF. Karibu na uwanja kuna gari kubwa, na ndani yake kuna mtu mmoja ameketi mbele ya vioo vingi, kila kioo na kamera yake. Yeye ndiye anasema: sasa onyesha kocha, sasa onyesha yule mama analia jukwaani, sasa rudia goli. Anachochagua ndicho kinafika Tokyo, London, Dar es Salaam na kwenye nyumba ya video ya Kalundu, kwa wakati mmoja.

Kinachobadilika ni vitu vingine. Televisheni tajiri zinaongeza kamera chache za kwao, studio nzuri, na nafasi ya kuzungumza na wachezaji pembeni ya uwanja. NBC ya Marekani, mwaka wa 2014, ilikubali kulipa zaidi ya dola miliardi 7 ili iwe na Olimpiki mpaka 2032. Mwenye kulipa pesa kama hizo hawezi kukaa kimya akingoja picha ya watu wote. Anawafuata wanariadha wa kwao mpaka nyumbani kwa mama zao. Televisheni ndogo zinapokea picha tu, halafu mtangazaji anaketi ndani ya kijumba Paris, Johannesburg ao Dar es Salaam na kutangaza kile anachoona kwenye kioo. Huyo mnayemsifu kwamba "anaona kila kitu" mara nyingi anaangalia televisheni kama sisi.

Basi mtu akitaka kupima televisheni mbili, asipime picha. Apime sauti. Asikilize nani amealikwa kuketi studioni, anasema nini mpira ukisimama, na anajua nini juu ya watu anaowataja.

Tarehe 24 mwezi wa kwanza nilipata nafasi nzuri ya kufanya kipimo hicho. Kongo ilicheza na Tanzania kule Korhogo, saa nne ya usiku kwa saa zetu. Kule Kalundu kuna nyumba mbili za video ambazo ziko karibu sana, mtu akipiga kelele huku wanamsikia kule. Moja ilikuwa na dekoda ya Kifaransa. Nyingine ilikuwa na dekoda iliyovuka ziwa, ya Kiswahili cha Tanzania. Nililipa kuingia huku kipindi cha kwanza na kule kipindi cha pili, halafu dakika za mwisho nilisimama nje katikati, nikisikiliza zote mbili. Wenye nyumba waliniona kama mtu ambaye kichwa hakiko sawa.

Mechi yenyewe mnaikumbuka: 0-0. Sisi tukavuka, Tanzania wakarudi nyumbani. Picha ilikuwa moja. Lakini nawaambia, zilikuwa mechi mbili.

Upande wa Kifaransa, wachezaji wetu walikuwa watu wa Ulaya. Yoane Wissa alikuwa "wa Brentford", Chancel Mbemba "wa Marseille", Arthur Masuaku "wa Beşiktaş". Mtangazaji alijua miaka yao ya mkataba na magoli yao ya msimu. Alitangaza kwa utulivu, kwa Kifaransa safi, na mchambuzi wake aliyewahi kucheza mpira alieleza vizuri kwa nini kiungo yetu ilikuwa inaacha nafasi nyuma. Nilijifunza kitu. Lakini mpira ulipofika kwa Henock Inonga, au picha ilipopita kwenye benchi na kumwonyesha Fiston Mayele, sauti ilikuwa inapungua, kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyomjua mwenyewe.

Upande wa Kiswahili ilikuwa kinyume. Inonga alikuwa wa Simba! Mayele alifunga magoli kwa Yanga mpaka watoto wa Dar es Salaam wakajifunza kucheza namna yake ya kufurahia goli. Mtangazaji alikuwa anawataja kama watoto wa mtaani kwake, hata kama usiku ule walikuwa adui. Na aliposema jina la Mbwana Samatta, vijana wa Kongo ndani ya nyumba ile walipiga makofi, kwa sababu Samatta alikuwa wetu pia: alivaa jezi ya TP Mazembe, akachukua nayo kombe la vilabu la Afrika mwaka wa 2015. Hakuna grafiki yoyote ya studio ya Ulaya ambayo ingeweza kueleza makofi yale.

Mtangazaji wa Kiswahili alikuwa na mapungufu yake. Alipiga kelele hata kwa mpira wa kurusha. Alikuwa anatangaza kwa moyo wa Tanzania, na hiyo ni haki yake, ila mara nyingine alisahau kutuambia ni nani ana mpira. Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, alisema: "Huyu kijana anatuhubiria, hatutangazii." Nilicheka, nikaandika maneno hayo kwenye daftari. Hata hivyo, mzee yule hakuhama kwenda upande wa Kifaransa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Kule naona. Hapa naona na ninasikia."

Kuna jambo linalouma kidogo katika Kiswahili hicho cha televisheni. Ni lugha yetu, lakini si yetu kabisa. Kiswahili chetu cha Uvira, cha Bukavu, cha Lubumbashi, wenzetu wa pwani wanakicheka. Tukisema "tosha" mahali wao wanasema "toa", wanafikiri tunasema "inatosha". Kwa hiyo vijana wetu wanaotaka kuwa watangazaji wanaanza kuiga sauti ya Dar es Salaam. Nimewasikia kwenye majaribio pale radioni: kijana wa Mulongwe, mama yake anauza ndagala, anafungua kinywa mbele ya mikrofoni na ghafla amezaliwa Kariakoo.

Hili si shida yetu peke yetu. Wakati wa Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, BBC ilimweka Alex Scott kuendesha vipindi. Huyu ni mwanamke aliyecheza Arsenal na timu ya taifa ya Uingereza, anajua michezo kuliko wengi wanaovaa tai. Mheshimiwa mmoja aliyewahi kuwa wa baraza la juu la bunge lao, Digby Jones, akasimama hadharani kumlaumu kwamba hatamki vizuri herufi za mwisho za maneno. Dada yule alijibu kwamba ametoka familia ya wafanyakazi wa mashariki ya London, na ana fahari na sauti yake. Nilipenda jibu hilo. Ukiwa na televisheni kubwa kuliko zote, bado kuna mtu atataka kujua kwanza umezaliwa mtaa gani.

Sasa nifike kwenye usiku ambao bado unanikaa moyoni.

Tarehe 7 mwezi wa pili, Abidjan, nusu fainali, Kongo na Côte d'Ivoire. Mnajua hali ilivyokuwa kwetu mashariki siku hizo. Vita vilikuwa vimefika karibu na Sake, watu wanakimbilia Goma na vitu kichwani. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakaweka vidole viwili kwenye upande wa kichwa, kama bunduki. Wote pamoja. Waliokuwa kwenye benchi walifanya vilevile.

Nataka wasomaji waelewe akili iliyokuwa ndani ya kitendo hicho. Wachezaji hawa wanajua televisheni. Wakati wa wimbo wa taifa, kamera inapita mbele ya kila mchezaji, mmoja baada ya mwingine, kutoka kapteni mpaka wa mwisho. Ni desturi ya mashindano yote makubwa. Mtu wa ndani ya gari hawezi kwa urahisi kuruka timu nzima. Mfuasi akinyanyua kitambaa jukwaani, kamera inaweza kuangalia upande mwingine, na hakuna atakayejua. Lakini mistari miwili ya wachezaji, dakika ile, ni lazima ionekane. Walichagua nafasi pekee ambayo picha ilikuwa mikononi mwao.

Na ilionekana, dunia nzima. Swali langu ni lile la sauti. Katika nyumba ya video tulimokuwa, watu walinyamaza kabisa, hata muuza karanga alisimama. Mtangazaji wetu wa usiku ule alisema sentensi moja, kwamba wachezaji wa Kongo wanatuma ujumbe juu ya hali ya inchi yao. Kiisha akaingia kwenye majina ya wachezaji na namna timu zimepangwa. Kijana mmoja nyuma yangu alipiga kelele: "Tosha sauti! Tosha sauti yake!" Na mwenye nyumba akaitosha kweli. Tuliangalia dakika kumi za kwanza bila neno lolote.

Asubuhi, kwenye soko la Mulongwe, mama mmoja muuza samaki aliniita. Dada yake alikuwa amekimbia Sake wiki ileile. Yeye hakuona mechi, hana televisheni, alisikia tu habari zetu fupi za usiku.

"Mwanangu, ile kitu walifanya, wazungu waliona?"

"Waliona, mama. Inchi zote ziliona."

"Na walisema nini?"

Nilimweleza juu ya ile sentensi moja. Alinipimia samaki wangu, akafunga mfuko, akasema: "Sentensi moja. Angalau imesemwa."

Sijui kama alikuwa anashukuru ao analia. Tulifungwa 1-0 usiku ule, goli la Sébastien Haller, na wiki hiyo nilikuta watu wengi wanaozungumza zaidi juu ya vidole viwili kuliko juu ya goli.

Siku zilizofuata hasira ilipanda. Kinshasa vijana walishambulia maduka yanayouza abonema, wakisema televisheni imeficha picha za wafuasi wetu waliokuwa na maandishi ya kudai amani. Naelewa uchungu huo, mimi pia ni mtoto wa mashariki. Lakini kwa utaratibu nilioueleza, kijana anayeuza dekoda Kinshasa hana uwezo wowote juu ya kamera iliyo Abidjan. Tulivunja mlango wa nyumba ambayo mwenyewe hayumo. Kama kuna mtu wa kuulizwa, ni wenye mashindano, ambao ndio wanaajiri mtu wa ndani ya gari na kumpa maelekezo. Barua ya kuwauliza haipigi kelele kama jiwe, ndiyo maana hatuiandiki.

Ili kujua sentensi moja ni nyingi ao kidogo, nawakumbusha tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka wa 2022, siku ya kufungua Kombe la Dunia kule Qatar. Kwenye beIN, ambayo ni televisheni ya Qatar wenyewe, sherehe ya ufunguzi ilikuwa jambo la fahari, na Morgan Freeman wa sinema za Marekani katikati ya uwanja. Kwenye BBC, Gary Lineker, aliyekuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1986, alifungua kipindi kwa kuzungumza juu ya wafanyakazi wahamiaji, juu ya haki za watu, juu ya namna Qatar ilivyopata mashindano. Sherehe yenyewe haikuonyeshwa kwenye chaneli yao kuu. Aliyetaka aitafute kwenye intaneti. Kwa siku moja, uwanja mmoja, watazamaji wa inchi mbili waliona sikukuu mbili zisizofanana.

Wengi walimlaumu Lineker kwamba anachanganya mpira na siasa. Mimi simlaumu. Mwendesha kipindi akijua jambo zito, alinyamazie kwa nini? Ila nilijiuliza, na bado najiuliza: ule muda mrefu wa studio, wa kukaa na wachambuzi watatu na kueleza mtazamaji mambo kwa upole, unatolewa kwa nani? Qatar ilipata dakika nyingi kabla ya mpira kuanza. Mashariki ya Kongo, mwenye kusema akiwa ni timu nzima iliyosimama mbele ya kamera, ilipata muda wa kuvuta pumzi mara moja kabla ya orodha ya wachezaji. Kesho yake magazeti na radio za kimataifa zilirudi kwenye jambo hilo, ni kweli, na zilieleza vizuri. Lakini mtu aliyelipa kuangalia mpira alikuwa ameshalala.

Wazee wetu waliona mabaya kuliko hayo. Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani ya Magharibi, tulikuwa tunaitwa Zaïre. Tulifungwa 2-0 na Uskoti, 9-0 na Yugoslavia, halafu tukakutana na Brazil kule Gelsenkirchen tarehe 22 mwezi wa sita. Kipindi cha pili Brazil wakapata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu Ilunga akatoka mbio kwenye ukuta wa wachezaji wetu na kuupiga mbali. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano. Mtangazaji wa BBC akawaambia watazamaji wake kwamba ni ujinga wa Kiafrika. Neno hilo lilikaa kuliko mechi. Miaka mingi kila televisheni ya Ulaya ilipotengeneza kipindi cha vituko vya mpira, Mwepu alikuwemo, na watu wanacheka.

Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijua sheria vizuri sana, na alifanya makusudi. Wachezaji walikuwa hawajalipwa pesa zao. Baada ya yale magoli 9, watu wa Mobutu waliwafikia na kuwaambia kwamba wakifungwa zaidi ya 3 na Brazil, wasifikiri kurudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Mwepu alikufa mwaka wa 2015, na mpaka leo kuna watu wazima wenye akili, Ulaya na hata hapa kwetu, wanaoamini kwamba mchezaji wa Kombe la Dunia hakujua sheria ya mpira wa adhabu. Picha ilionyesha ukweli: mtu anakimbia na kupiga mpira. Sauti ndiyo iliyodanganya. Na aliyekuwa na sauti hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa sababu alishajua Mwafrika ni nini.

Mwaka uleule wa 1974, tarehe 30 mwezi wa kumi, Kinshasa ilipokea pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Wageni walikuja kwetu, uwanja wetu, jasho letu. Lakini pigano lilianza saa kumi ya usiku, kabla ya jua kutoka, kwa sababu saa hiyo New York ilikuwa saa nne ya usiku, na watu wa Marekani ndio waliolipa kuangalia kwenye vioo vya sinema. Watu wa Kinshasa walikesha uwanjani ili Mmarekani asichelewe kulala. Leo tukilalamika juu ya saa za mechi, tujue desturi hiyo ilianza zamani.

Mwaka wa 2010 nilitegemea mambo yangebadilika. TP Mazembe ilifika Abu Dhabi, ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya vilabu vya dunia. Televisheni za nje zilirudia nini zaidi? Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Ni kweli inachekesha, mimi mwenyewe nimejaribu nikaumia mgongo siku mbili. Lakini golikipa yule alikuwa amezuia mipira mikubwa siku ile, na mipira hiyo ilirudiwa mara chache.

Nirudi kwenye jibu langu, maana najua mtaniandikia kwamba nimezunguka sana.

Kwa kueleza mchezo wenyewe, televisheni za Kifaransa na za Kiingereza ziko mbele. Zinaweka studioni watu waliocheza, na watu hao wanajifunza kazi. Peter Drury, Mwingereza, ana kipaji ambacho hata mtu asiyejua Kiingereza anakisikia; goli la Siphiwe Tshabalala, la kwanza la Kombe la Dunia la 2010, alilitangaza kama goli la bara zima, na hapo alikuwa na haki. Waarabu wa beIN wana moto ambao hakuna anayeweza kuuiga. Nina rafiki hajui neno moja la Kiarabu, lakini anatafuta Issam Chaouali kwenye simu yake mpaka mega zinaisha. Kwa kujua wachezaji wanaocheza Afrika, Kiswahili cha Tanzania kinawashinda wote hao kwa mbali. Na kwa kumjua mtazamaji wa Uvira, hakuna hata moja.

Tena, kuchagua ni kwa mwenye pesa. Haki za kuonyesha zinauzwa na kununuliwa juu ya vichwa vyetu. Kombe la Dunia la 2022, kampuni ya Lomé, New World TV, ilinunua haki za inchi za Afrika zinazosema Kifaransa, wakati watu wengi hawakuwa wamewahi hata kusikia jina lake. Kabla ya CAN ya Côte d'Ivoire, SuperSport ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba haitaonyesha, halafu siku chache kabla ya kuanza ikapatana na hao hao wa Lomé. Nilifurahi kwamba Mwafrika pia anaweza kununua. Lakini mama wa Mulongwe hakusogea hata hatua moja karibu na kioo.

Yeye anategemea radio. Na sisi wa radio ndogo hatuna haki ya kutangaza mechi nzima, wala sipendi tufanye kwa kuiba. Tunachofanya ni kutoa habari fupi kila baada ya robo saa, kwa Kiswahili cha hapa: nani ana mpira zaidi, nani ameumia, uwanja umejaa ao hapana. Nimeomba wakubwa wangu waongeze kitu kimoja, nao wamekubali: mwisho wa mechi, dakika tano za mtu anayeeleza yale ambayo kamera ilionyesha na mtangazaji akapita juu. Tumeshapata kijana wa kuifanya. Ni yule wa mama wa ndagala. Tulimwambia aache Kariakoo, atangaze kama anavyoongea na mama yake, na alipojaribu mara ya pili fundi wa mitambo aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake.

Mwezi wa kumi mwaka wa 2024 Kongo ilikutana tena na Tanzania, kutafuta nafasi ya CAN ya Moroko: tarehe 10 Kinshasa, tarehe 15 Dar es Salaam. Tulikuwa tumeanza vizuri, tulikuwa tumeifunga Guinea na Ethiopia. Kabla ya mechi hizo nilizungumza na wenye zile nyumba mbili za Kalundu. Tulipanga kijana aketi upande wa Kifaransa, mimi upande wa Kiswahili, na mama wa samaki aliniambia nimpigie simu mapema, ili aweke betri mpya kwenye radio.